TAHADHARI: Muuzaji wa RAM za desktop za zamani anawatumia watu RAM za seva

Jamani wenye desktop za zamani mnaotafuta kuongeza RAM, someni hapa kabla hamjatuma hela. Kuna muuzaji anatembeza matangazo ya RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) za DDR3, kizazi cha RAM kinachotumika kwenye desktop nyingi za zamani, za 8GB, bei chini kuliko wenzake wote, na maelezo yake yanasema "inaingia desktop yoyote ya DDR3". Uongo mtupu. Anachotuma ni RAM za seva, yaani zile kompyuta kubwa za makampuni.

Moja ninayo hapa mkononi, ni ya rafiki yangu, alinunua mbili ili mashine yake iache kukwama kila akifungua mafaili mawili matatu. Kuziweka ziliingia vizuri tu, klipu zikajibana pande zote, akawasha, feni inazunguka, taa inawaka, skrini nyeusi tii, halafu mlio wa piii piii usioisha. Akarudishia ile ya zamani ya 2GB mashine ikawaka kama kawaida. Kumuuliza muuzaji anajibu kwa kujiamini kabisa eti bosi bodi yako imechoka, hiyo RAM nimeijaribu mwenyewe, kama vipi bodi ninayo nikuuzie. Yaani kashakupiga halafu anataka kukuuzia na dawa ya kipigo!

Ujanja wake uko kwenye umbo. DDR3 ya seva na ya desktop zote zina pini 240 na ule mwanya wa chini uko sehemu ileile, kwa hiyo kuingia kwenye sloti sio ushahidi wa chochote. Ila ya seva ina chipu ya ziada katikati, amri za prosesa zinapitia hapo kwanza ndo zifike kwenye chipu za kumbukumbu, na desktop za kawaida haziongei na kitu cha namna hiyo. Kampuni zikistaafisha seva zao RAM za hivi zinamwagika sokoni, ndo maana bei yake ni ya chini. Kuziuza sio tatizo, mwenye seva anazitaka sana tu, shida ni kumbambikia mtu wa desktop.

Na anajua anachofanya, kwa sababu anabandika stika yake juu ya stika ya kiwanda. Tuliibandua taratibu kwa ukucha, chini tukakuta PC3-10600R. Hiyo R ya mwisho ndo kesi yote. Ya desktop inaishia na U, yaani PC3-10600U au PC3-12800U. Msichanganye na R ya maandishi kama 2Rx8 yanayotangulia, R ile ni habari nyingine, utaikuta hata kwenye RAM nzima za desktop. Halafu hesabu chipu nyeusi: hii ina 18 upande mmoja, desktop nyingi utakuta 8, na katikati kuna moja ya peke yake haifanani na wenzake. Akikutumia iliyofunikwa na bati la kupozea mwombe picha ya stika ya kiwanda, akikuletea picha ya kuokota mtandaoni achana naye.

Wa DDR2, kizazi cha kabla ya DDR3, nao wasijione wamepona. Anazo za 4GB moja moja, zile zinazowaka kwenye bodi za prosesa za AMD tu, mwenye prosesa ya Intel anaambulia skrini nyeusi ileile. Kwenye tangazo neno AMD hulioni popote.

Ila tusimwonee mtu: kama umeweka 8GB na Windows yako ni ya biti 32 halafu unaona 3 na kitu tu, hapo muuzaji hana kosa, Windows hiyo mwisho wake 4GB, weka ya biti 64 kwanza ndo ulalamike. Na RAM yoyote uliyonunua used ipitishe kwenye MemTest86, programu ya kupima RAM, mapema, ukiwa bado una muda wa kuirudisha, sio kusubiri mpaka ianze kuharibu mafaili.

Rafiki yangu aliahidiwa kurudishiwa hela "wiki ijayo", alipokumbushia akablokiwa. Jamaa anabadilisha jina la akaunti ila picha ni zilezile, RAM mbili zimelazwa juu ya kitambaa cha bluu, stika nyeupe zimebandikwa upande upande. Ukikutana na tangazo hilo liripoti, na kama ulishanunua kwake, tunza stika zote mbili na meseji zenu zote, usifute hata moja, ndo utakazoonyesha ukidai hela yako.