Uzoefu wangu na SACCOS ya watumishi: riba nafuu, foleni ndefu na kura moja kwa kila mwanachama

Mwalimu mwenzangu anaponiuliza kama ajiunge na SACCOS yetu, yaani chama chetu cha ushirika cha akiba na mikopo, au aendelee kukopa kwingine, huanza kumjibu kwa hesabu, kwa sababu hesabu ndiyo inayowavuta wengi, ingawa kwangu mimi siyo sababu kubwa ya kubaki humo. Ninafundisha sekondari mkoani Mwanza, na chama ninachokizungumzia ni cha watumishi wa halmashauri, wengi wao wakiwa walimu, wauguzi na maofisa ugani. Sitakitaja jina, kwa kuwa mazuri na mabaya nitakayoyaeleza yanavihusu vyama vingi vya aina yake nchini.

Mkopo wangu wa mwisho wa maendeleo ulikuwa wa Sh 6,000,000 kwa miezi 24, kwa riba ya asilimia 1 kwa mwezi inayotozwa kwenye salio lililobaki. Kila mwezi nilirejesha Sh 250,000 za mkopo wenyewe; riba ya mwezi wa kwanza ilikuwa Sh 60,000, ya mwezi wa pili Sh 57,500, ikaendelea kushuka hivyo hadi Sh 2,500 katika mwezi wa mwisho. Jumla ya riba yote ikawa Sh 750,000. Kabla ya hapo nilikuwa nimepita kwa mkopeshaji binafsi mmoja wa mjini, ambaye naye alitangaza asilimia 12 kwa mwaka, sawa na 1 kwa mwezi, isipokuwa yeye aliikokotoa kwenye mkopo wote wa awali hata pale ambapo mteja ameshalipa zaidi ya nusu, na kwa muda uleule ningemlipa riba ya Sh 1,440,000. Tangazo lilikuwa na asilimia ileile, lakini tofauti mfukoni ni Sh 690,000. Ofisa mikopo wa chama chetu alinichorea jedwali la marejesho kwa kalamu, mstari kwa mstari, kabla sijatia saini, jambo ambalo yule mkopeshaji hakulifanya hata nilipomwomba.

Ni haki niseme kwamba benki nyingi nazo hutoza riba kwa salio linalopungua, na mtumishi mwenye mshahara mzuri anaweza kupata huko mkopo mkubwa zaidi na kwa haraka zaidi. Wala siilinganishi SACCOS na mikopo ya kausha damu, ile ya mitaani yenye riba ya kuumiza, au na zile programu za kukopesha kwa simu ambazo Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza Novemba 2024 kuwa hazina leseni; huko si kukopa, ni kujiuza. Ninacholinganisha ni mahali riba inapokwenda baada ya kulipwa. Katika benki ya kibiashara, faida ni ya wenye hisa, ambao mimi siwajui na wao hawanijui. Katika chama chetu, riba niliyolipa hutumika kwanza kulipa mishahara ya watendaji watatu, pango la ofisi na gharama za ukaguzi, sehemu nyingine hutengwa kuwa akiba ya lazima ya chama, na ziada inayobaki hurudi kwetu kama gawio la hisa na riba ya akiba. Mwaka wa neema, gawio langu limenilipia sare za watoto wawili. Mwaka mbaya, limenitosha nauli ya kwenda kulichukua.

Anayejiunga anapaswa kuelewa kwamba fedha anazoweka huku haziwi za kuchukuliwa wakati wowote. Analipa kiingilio, ananunua hisa, kisha anakatwa akiba kila mwezi kwenye mshahara, na akiba hiyo haitoki mpaka ajitoe uanachama. Ndiyo inayompa haki ya kukopa hadi mara tatu ya alichojiwekea, alimradi makato yake yote yamwachie theluthi moja ya mshahara kama utumishi wa umma unavyotaka. Mwenye kutaka fedha ya kuchukua leo na kesho hufungua amana, ambayo ni daftari jingine.

Kero kubwa kuliko zote ni udhamini. Kila mkopo wa maendeleo unahitaji wadhamini, na mdhamini hatoi jina tu, bali akiba yake inafungwa kwa kiasi alichodhamini, kiasi kwamba naye akitaka kukopa anaambiwa asubiri. Mwenzetu mmoja aliacha kazi huku salio la mkopo wake likiwa kubwa kuliko akiba yake, akahama mkoa na kubadilisha namba za simu. Chama kilichukua akiba yake, kisha kikawageukia wadhamini watatu, mmoja wao akiwa muuguzi aliyekuwa amebakiza mwaka mmoja kustaafu. Nililiona jedwali la makato yake likiwa limebandikwa kwenye faili, na tangu siku hiyo nimekuwa mgumu wa kusaini fomu ya mtu, hata anapokuja na soda mkononi. Sheria za chama ziko wazi na chama hakikumwonea. Lakini ni wachache sana wanaoelezwa jambo hili kwa uzito wake wanapokabidhiwa fomu dirishani.

Kero ya pili ni foleni. Januari kila mtu anataka mkopo wa ada, na kwa kuwa fedha inayokopeshwa ni ileile tuliyoichanga, ikiisha imeisha. Hali huwa mbaya zaidi pale mwajiri anapokata makato kwenye mishahara halafu akachelewa kuyawasilisha, maana hapo chama kinakuwa na fedha kwenye karatasi tu, huku wanachama wakimrushia lawama mhasibu ambaye hana kosa.

Sasa nije kwenye jambo linalonifanya nibaki, nalo ni Mkutano Mkuu. Katika mkutano mmoja Bodi ilituletea makisio ya mapato na matumizi ambamo kasma, yaani fungu la bajeti, ya safari na mafunzo ya wajumbe ilikuwa imepanda maradufu. Aliyesimama kuihoji hakuwa mwalimu mkuu wala mweka hazina wa halmashauri, bali mlinzi wa shule ya msingi, ambaye aliuliza kwa utaratibu kabisa kwa nini safari ziongezewe fedha wakati watu wamekosa mikopo ya ada. Mwenyekiti alitaka swali hilo lisubiri kipengele cha mengineyo, ukumbi ukagoma. Ofisa Ushirika aliyekuwa meza kuu alisimama na kukumbusha kwamba makisio huidhinishwa na mkutano, si na Bodi. Mikono ikanyooshwa, ikahesabiwa, na kasma ikarudishwa ilipokuwa, nyongeza ikahamishiwa mfuko wa mikopo ya dharura. Mlinzi yule ana hisa chache kuliko karibu kila mtu aliyekuwa mstari wa mbele, lakini mkono wake ulihesabiwa mmoja na wa mweka hazina ukahesabiwa mmoja. Kanuni hiyo ya mwanachama mmoja, kura moja ilikuwepo kwa wale 28 walioanzisha chama cha ushirika huko Rochdale, Uingereza, mwaka 1844, na sijaona huduma nyingine ya fedha hapa mjini inayonipa kitu kinachokaribiana nayo. Kampuni huhesabu hisa. Aliyenunua nyingi ndiye anayesikika.

Hata hivyo, kura hiyo inatumiwa vibaya na sisi wenyewe. Wanachama wengi hufika kwa ajili ya posho ya nauli na chakula cha mchana, na taarifa ya mkaguzi inaposomwa viti nusu ni vitupu. Taarifa yenyewe tulikuwa tukigawiwa mlangoni asubuhi ya mkutano, kurasa nyingi za tarakimu ambazo hata mwalimu wa hesabu hawezi kuzipitia kabla ya chai. Nilitoa hoja kwamba itumwe mashuleni na kwenye vituo vya afya wiki mbili kabla. Ilipitishwa kwa kauli moja, lakini utekelezaji wake bado unasuasua, na nimeiandikia Kamati ya Usimamizi kuhusu hilo.

Usalama wa fedha nao unahitaji kusemwa bila kupamba. Bodi ya Bima ya Amana inalinda wateja wa benki. SACCOS hazimo katika kinga hiyo. Kinga yetu ni leseni inayotolewa na Tume ya Maendeleo ya Ushirika chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, ukaguzi wa hesabu wa kila mwaka, na macho ya wanachama. Macho hayo hufifia kadiri fedha inavyopanda ngazi. Jirani zetu Kenya walishuhudia ukaguzi maalumu, uliowekwa wazi mwaka 2025, ukionyesha kwamba KUSCCO, umoja wa SACCO za huko, ulikuwa na upotevu wa zaidi ya Sh bilioni 13 za Kenya. Wanachama wa umoja kama huo ni vyama, si watu, hivyo mwekaji akiba wa kawaida hakuwa na mkono wa kunyoosha mahali maamuzi yalipofanyika. Ndiyo maana Bodi yetu ilipopendekeza kuweka sehemu ya fedha zetu kwenye taasisi ya juu, nilikuwa miongoni mwa waliotaka kwanza kuona hesabu za taasisi hiyo zilizokaguliwa.

Wazee wa Kanda ya Ziwa wanaponicheka kwa kuamini ushirika, ninawaelewa. Wao waliuza pamba kupitia vyama vya wakulima vilivyounganishwa na akina Paul Bomani, kiongozi wa ushirika wa kanda hii, miaka ya 1950, wakaviona vikiwa na nguvu, kisha mwaka 1976 serikali ikavifuta vyama vikuu kwa amri, na vilivyorudi baada ya sheria ya 1982 havikuwa vilevile. Tofauti ninayoiona ni kwamba akiba yangu iko kwenye daftari ninaloweza kuliomba nilione Jumatatu asubuhi.

Kwa mtumishi mwenye mshahara wa uhakika, anayejenga kidogo kidogo au kusomesha, ningempendekezea chama cha namna hii bila kusita. Kwa mfanyabiashara anayehitaji mtaji ndani ya siku mbili, hapana. Na yeyote yule, kabla ya kulipa kiingilio, aombe aonyeshwe leseni, taarifa ya mwisho ya mkaguzi na kiwango cha mikopo chechefu, yaani isiyorejeshwa kwa wakati. Meneja akimwambia hizo ni siri za ofisi, atafute chama kingine.