Parr 1341: kalorimita ya bomu inayofundisha mikono kabla ya hesabu

Idara ya kemia yenye pesa ya kununua kalorimita moja ya kufundishia, yaani chombo cha kupima joto linalotoka sampuli ikiungua, inunue hii ya mkono, si ile inayojiendesha yenyewe. Mashine kama Parr 6400 hujaza oksijeni na maji zenyewe, hurekebisha joto linalovuja, kisha huandika jibu kwenye kioo. Kwa maabara inayopima makaa ya mawe kutwa nzima hilo ni jambo jema. Mwanafunzi wa kemia fizikia, hata hivyo, hatajua kosa la 0.4% limeingilia wapi. Kwa 1341 atajua, kwa sababu kila kosa linapitia mikononi mwake.

Chombo chenyewe ni cha kawaida sana. Kuna ganda la kuzuia joto lenye kifuniko, ndoo ya maji, pangaboi dogo la kukorogea linalozungushwa na mota kwa mkanda wa mpira kwa kasi ya mizunguko 150 kwa dakika, kifaa cha umeme cha kuwashia, kipimajoto, na bomu namba 1108. Bomu hilo, ambamo sampuli huungua, ni chupa nene ya chuma kisichoshika kutu yenye ujazo wa karibu mililita 340. Mtengenezaji ni Parr Instrument Company ya Moline, Illinois, nchini Marekani, kampuni iliyoanza mwaka 1899.

Kazi ya kwanza ni kusawazisha kwa asidi ya benzoiki, ambayo kila gramu yake hutoa kilojuli 26.434, yaani kalori 6,318. Gramu 1 ikiungua kwenye gramu 2,000 za maji hupandisha joto kwa karibu nyuzi 2.6, na kutokana na hapo unapata uwezo joto wa chombo kizima, takriban kilojuli 10.1 kwa kila nyuzi moja. Rudia mara tatu. Majibu yakitofautiana kwa zaidi ya 0.5%, usigawe wastani ukaendelea, tafuta kosa kwanza.

Mara nyingi kosa liko kwenye maji. Wanafunzi hupima lita 2 kwa silinda ya maabara na kudhani wamemaliza, kumbe gramu 10 zikizidi au zikipungua, uwezo joto unahama kwa 0.4%. Ndoo ikaushwe nje, iwekwe kwenye mizani, na maji yaongezwe mpaka gramu 2,000, ukikubali tofauti ya nusu gramu tu. Ukishazamisha bomu kwa mshikio wake, kung'uta matone yaliyobaki kwenye mshikio na vidole yarudi ndoani. Maji yaanze yakiwa chini ya joto la chumba kwa nyuzi 1.5 hivi. Maabara za pwani kama Dar es Salaam au Mombasa, zisipokuwa na kiyoyozi, maji ya bomba huwa na joto karibu sawa na la chumba, kwa hiyo weka chupa ya maji yaliyosafishwa kwenye friji tangu jana yake na uchanganye kidogo kidogo.

Halafu kuna waya wa kuwashia. Sentimita 10 za waya wa nikeli na kromu hufungwa kwenye elektrodi mbili na kupindwa katikati mpaka uguse kidonge cha sampuli. Waya wenyewe usiguse kikombe cha chuma kilichobeba kidonge. Ukikigusa, umeme hupiga shoti kupitia kikombe na sampuli haiwaki. Kila sentimita ya waya iliyoungua hutoa kalori 2.3, ndiyo maana baada ya zoezi vipande vilivyobaki hukusanywa, hunyooshwa na kupimwa kwa rula. Ukiacha kutoa hesabu ya waya wote unaongeza karibu 0.36%. Ni sehemu inayochosha, lakini hapa ndipo mwanafunzi anapojifunza kwamba hata kiberiti kina joto lake kwenye hesabu.

Unga usiogandamizwa usitumike kamwe, kwa sababu oksijeni ikiingia huupeperusha nje ya kikombe. Ugandamize uwe kidonge kwa mashine ndogo ya mkono, usikaze kupita kiasi, maana kidonge kigumu mno hupasuka kikiwaka na vipande huruka bila kuungua. Pima uzito baada ya kugandamiza, si kabla.

Weka mililita 1 ya maji yaliyosafishwa chini ya bomu, kagua oringi (pete ya mpira inayoziba mfuniko), kisha kaza mfuniko kwa mkono bila spana. Jaza oksijeni polepole hadi atmosfia 30. Kiasi hicho ni zaidi ya mara sita ya kinachohitajika kuunguza gramu 1 ya asidi ya benzoiki, na ziada hiyo ndiyo inayohakikisha hakuna masizi. Oksijeni ya hospitali inayotoka kwenye mashine ya kuchuja hewa ina usafi wa 93% hivi, na sehemu ya kinachobaki ni naitrojeni inayoongeza asidi ya naitriki ndani ya bomu. Tafuta ya mtungi yenye 99.5%. Vali na maungio ya oksijeni yasiguswe na mafuta wala grisi, hata tone moja, kwa sababu oksijeni yenye presha huweza kuwasha mafuta bila cheche.

Bomu likishazama, liangalie. Viputo vikiendelea kutoka mfululizo, litoe na usiwashe. Kama hakuna, funga, koroga dakika 5 joto litulie, kisha andika joto kila dakika kwa dakika 5 nyingine. Mwanzo wa dakika ya 6 bonyeza swichi na ukae mbali na chombo, kichwa kisiwe juu yake, kwa sekunde 15 au zaidi. Joto huanza kupanda ndani ya sekunde 20. Soma sekunde ya 45, 60, 75, 90 na 105, kisha kila dakika mpaka mabadiliko yawe sawa kwa dakika 5. Mwenye saa na mwenye kuandika wawe watu wawili. Anayefanya yote peke yake hukosa vipimo vya sekunde hizo, na ndivyo vyenye thamani kubwa kuliko vyote.

Thamani hiyo inatokana na ganda. Ganda la 1341 halifuati joto la ndoo, kwa hiyo joto huvuja kabla na baada ya kuwasha, nawe unalirekebisha kwa hesabu. Tafuta dakika ambapo joto limefika 60% ya kupanda kwake kote. Kabla ya dakika hiyo tumia mwendo wa joto wa mwanzo, baada yake tumia wa mwisho. Mfano: mwanzoni joto linapanda nyuzi 0.001 kwa dakika na mwishoni linashuka 0.002. Ikiwa ni dakika 1 kutoka kuwasha hadi 60%, na dakika 6 kutoka hapo hadi kipimo cha mwisho, unaondoa 0.001 na kuongeza 0.012. Jumla ni 0.011, ambayo kwenye nyuzi 2.6 ni 0.4% tena. Mashine inayojirekebisha hufanya hesabu hii kimya kimya, na mwanafunzi anakosa fursa ya kuiona.

Kabla ya kufungua, toa gesi polepole kwa dakika nzima au zaidi. Masizi ndani ya bomu maana yake jibu ni la kutupa. Kama ni safi, osha ndani kwa maji yaliyosafishwa na utitreti maji hayo, yaani upime asidi ya naitriki iliyomo, ambayo nayo ilitoa joto ilipoundwa, kwa sodiamu kaboneti ya 0.0709 N, yaani gramu 3.76 kwa lita, ukitumia rangi ya kiashiria ya methili oreinji. Mkusanyiko huo umechaguliwa kwa makusudi: kila mililita ni kalori 1 ya kutoa.

Sampuli ya kawaida baada ya hapo ni naftalini. Tumia gramu 0.6, itapandisha nyuzi 2.4 hivi. Gramu 1 hutoa zaidi ya kalori 9,600 wakati unashauriwa usivuke 8,000. Jibu sahihi la entalpia, yaani joto la kuungua kwenye presha isiyobadilika, ni karibu kilojuli 5,156 kwa moli, lenye alama ya kutoa, na usisahau kwamba chombo hupima nishati ya ujazo usiobadilika: moli 12 za oksijeni huingia, 10 za kaboni dioksidi hutoka, hivyo kuna kilojuli 5 za tofauti. Naftalini inunuliwe kwa muuza kemikali. Vidonge vya kabatini vya dukani vingine ni paradiklorobenzini, na klorini yake hula chuma cha 1108.

Kasoro za chombo hiki zipo. Zoezi moja humaliza karibu saa nzima, kwa hiyo kipindi cha saa tatu kinatosha kusawazisha mara mbili na kupima sampuli moja tu. Mkanda wa mpira huchakaa, na ukiteleza joto la maji halisambai sawasawa. Oringi za akiba ziagizwe pamoja na chombo. Na kwa idara yenye seti mbili: andika namba kwa rangi kwenye bomu, mfuniko, ndoo na kipimajoto cha kila seti. Uwezo joto uliopatikana ni wa vitu hivyo vikiwa pamoja, na ndoo zikibadilishana kwenye sinki la kuoshea, usawazishaji wa wiki nzima haufai tena.