Mashine yangu ya bisi imevaa kisutu: uzoefu wangu na stika za vinili

Mashine za bisi za nyumbani zinazouzwa hapa Dar es Salaam karibu zote zinafanana. Sanduku jekundu, vioo, sufuria ndogo inayoning'inia juu, na maandishi ya Kiingereza yenye rangi ya dhahabu. Sura hiyo ina historia yake. Mwaka 1893 Charles Cretors alionesha mashine yake inayotumia mvuke kwenye maonesho makubwa ya dunia pale Chicago, na mikokoteni ya bisi ya Marekani ya enzi hizo ndiyo viwanda vinaiga mpaka leo. Ni sura nzuri, ila nyumbani kwangu bisi huliwa na watoto wa ndugu na majirani waliokaa mkekani, na nilitaka chombo kinachowakusanya kifanane nao. Nikaamua kuivika kisutu kwa stika.

Kisutu ni kanga ya rangi nyekundu, nyeusi na nyeupe, na mashine tayari ni nyekundu. Rangi mbili tu ndizo zilizobaki kununuliwa. Na ukiitazama mashine kwa mbele, mpangilio wa kanga unakaa penyewe: pindo linazunguka fremu, kioo ndicho mji, yaani sehemu ya katikati, na chini ya kioo kuna kibao cha bati kinachosubiri jina, yaani msemo wa kanga. Nikachagua MGENI NJOO, MWENYEJI APONE.

Kazi yenyewe niliipeleka kwa fundi stika wa Kariakoo, wale wanaopamba bajaji, daladala na milango ya maduka. Swali lake la kwanza lilinifanya nimwamini: "Mama, hicho chombo kinapata moto kiasi gani, na unakifuta kwa nini?" Duka nililopita kabla yake hawakuuliza lolote. Walinipa kipande cha majaribio kilichochapwa kwa wino bila lamineti, yaani utando wa plastiki angavu wa kuukinga wino, nikakipaka mafuta ya kula na kukifuta kwa kitambaa chenye sabuni, na weusi wote ukahamia kwenye kitambaa. Kwa mashine inayorusha mafuta kila inapowashwa, stika ya namna hiyo haina maisha.

Fundi wangu alinishauri niachane na kuchapa, nichukue vinili ya rangi, plastiki nyembamba yenye gundi nyuma, inayokatwa kwa plota, mashine inayokata kwa kufuata mchoro wa kompyuta. Rangi yake imo ndani ya plastiki yenyewe, kwa hiyo hakuna wino wa kufutika. Rola aliyotumia ni Oracal 651, ya kampuni ya ORAFOL ya Ujerumani, ambayo mafundi wengi wanaijua. Ikishabandikwa, mtengenezaji anasema inastahimili mpaka nyuzi 80 za Selsiasi. Hapo ndipo panapohitaji akili, kwa sababu punje ya bisi hupasuka inapofika karibu nyuzi 180. Maji yaliyo ndani ya punje hugeuka mvuke, ganda hushindwa kuuzuia, bisi inafumuka. Sufuria na sehemu zilizo karibu nayo, basi, hazifai kabisa kubandikwa kitu.

Kipimo nilichotumia ni cha mkono. Nilikaanga mikupuo kadhaa mfululizo, nikazima, nikagusa nje taratibu kila upande. Mahali kiganja kilipokaa bila shida niliweka alama ya chaki. Kibao cha juu, ambako kuna taa na mota ya sufuria, kilikuwa na joto ambalo sikulipenda, ingawa ndiko kila mtu anakotamani kuandika. Kibao cha chini kilikuwa baridi kabisa. Mashine nyingi za aina hii ziko hivyo, na ningemwambia yeyote apime kabla ya kuchora chochote. Matundu ya hewa pia hayafunikwi, wala kile kibati chenye volti na wati, wala stika za tahadhari za kiwandani. Na ndani ya vioo hakubandikwi kitu hata kidogo, kwa kuwa huko ndiko chakula kinakoangukia, na vinili hii haikutengenezwa ili iguse chakula.

Maandishi ya zamani niliyatoa kwa drya ya nywele. Unapasha pembe mpaka gundi ilegee, kisha unavuta polepole huku ukiufuata moto. Mabaki ya gundi yalitoka kwa mafuta ya kula, na baada yake sabuni, na baada yake spiriti. Hatua ya spiriti ndiyo inayoamua kila kitu. Mashine iliyowahi kukaanga hata mara moja ina utando wa mafuta usioonekana, na gundi haishiki juu ya mafuta. Futa, badilisha kitambaa, futa tena mpaka kitambaa kirudi cheupe.

Kubandika nilifanya mwenyewe nyumbani, mashine ikiwa imechomolewa kwenye umeme na feni imezimwa. Feni huleta vumbi, na hupeperusha vinili ikajikunja na kujibandika yenyewe kwa yenyewe. Fundi alikuwa ameshachambua, yaani kutoa mabaki ya vinili yasiyohitajika, na kuweka juu karatasi ya kuhamishia, yenye gundi ya kuzibeba herufi, kwa hiyo herufi zote zilikaa mahali pake kwa pamoja. Kwenye bati nilibandika kavukavu, nikianzia katikati na kusukuma hewa nje kwa kadi ya plastiki iliyofungwa kitambaa. Kwa zile nakshi chache za pembeni mwa kioo nilipulizia upande wa nje maji yenye matone ya sabuni ya vyombo. Maji hayo yanakupa nafasi ya kutelezesha nakshi mpaka inyooke kabla hujayakamua. Nikaiacha mpaka kesho yake jioni ndipo nikaiwasha, gundi ipate muda wa kushika.

Ushauri wa fundi nilioupenda kuliko wote ulihusu umbo. Alikataa kukata pindo kama mkanda mmoja mrefu. Alilikata vipande vifupi vinavyokutana kwenye kona, na pale mlango wa kioo unapofungukia akaacha nafasi, ili mlango usiwe unaichuna stika kila siku. Kila ncha aliikata kwa mviringo, maana pembe kali ndiyo inayoanza kunyanyuka. Herufi nazo akazitaka nene, za kukaa imara, na herufi za kanga ziko hivyo tangu zamani. Nimeona mashine nyingine yenye maandishi ya kupindapinda, membamba kama uzi, na kila mkia wa herufi umebanduka.

Nililipa shilingi 25,000 kwa kukata, kuchambua na karatasi ya kuhamishia. Kwa kazi ya mkono ya uangalifu ule, naona ni bei ya haki.

Sasa imekaa nyumbani msimu mzima wa sherehe za watoto na inafutwa kila baada ya kutumika. Nyeusi iko kama siku ya kwanza. Nyeupe ya kwenye kioo imeanza kushika umanjano mwembamba wa mafuta pembeni, unaotoka kwa sabuni na kitambaa laini lakini unarudi. Ningekuwa naagiza upya ningeweka nyeusi pekee kwenye kioo na nyeupe yote ibaki kwenye bati. Ubora wa vinili naupa alama tano kwa tano. Huduma ya fundi naipa tano vilevile, kwa kuwa aliuliza kabla ya kukata.

Shangazi yangu wa Tanga alipoiona alisoma jina kwa sauti, akavuta kiti, akaomba bakuli. Nilifurahi sana.

Kwa Idd nimeagiza seti nyingine ndogo, mwezi na nyota za rangi ya dhahabu, za kuweka kwenye kioo kwa siku chache tu. Safari hii fundi atatumia vinili ya ukutani yenye gundi nyepesi, ile inayobanduka bila drya wala mafuta, na pindo la kisutu litabaki pale pale chini yake.