Pampu ya kunyonya hewa kwa chupa za glasi, baada ya miezi minne Kisumu

Wacha nianze na ile kitu ilinikasirisha. Nilibeba hii pampu hadi nyumbani nikiwa nimeosha chupa kumi na moja za jem na mayonezi, nikijua sasa fukusi watahama ndengu zangu, kumbe hii mashine haijui chupa za jem. Inataka zile za Mason, zenye kifuniko cha vipande viwili, kibati flati chenye raba na ringi ya kukaza. Muuzaji alinyamaza tu. Kwa hivyo elfu mbili na mia tano ya pampu ikazaa karibu elfu mbili ingine ya chupa, jua hiyo kabla uende tao.

Lakini kazi inafanya. Unaweka kibati juu ya mdomo bila ringi, unafunika na kikombe chake, unabonyeza, inanguruma halafu inajizima. Hewa ya ndani imetoka, ya nje ndiyo inakandamiza kibati. Imeshika? Shika kibati na vidole uinue chupa nzima. Baba Tobi alifanya hivyo na chupa ya njugu mbele ya wageni, mimi nikafunga macho.

Na njugu ndiyo zimelipa hiyo pesa. Huku karibu na ziwa, joto na unyevu, njugu za kukaanga zinalegea siku mbili tatu na zikikaa zaidi zinanuka mafuta ya zamani. Nilizofunga mwezi wa kwanza nimefungua juzi, bado zinalia kruk. Majani chai, biskuti, mchele, hizo hazina shida.

Unga ndio mchokozi. Wa wimbi ulivutwa mpaka ndani ya pampu nikakaa nusu saa na mswaki wa zamani nikitoa. Siku hizi naweka tishu juu ya unga, naacha nafasi ya vidole viwili, napanguza mdomo wa chupa, juu chembe moja ikibaki hapo kibati kinaachilia usiku na asubuhi ukikibonyeza kinalia tik. Ndengu nazo naweka friza siku nne kwanza juu mayai ya wadudu yanakuja nazo kutoka shamba, halafu naziacha nje baridi iishe kabisa kabla nifunge, la sivyo zinatoa jasho ndani.

Sasa jirani akaja na omena, hawa dagaa wa ziwa, wa soko la Kibuye. "Mama Tobi, nifungie hawa, nataka kumpelekea kijana Nairobi." Nikashika, bado walikuwa laini, hawajakauka. Nikamwambia, hawa wapeleke friza. Akaona nina roho mbaya, lakini hii si kama kupika chupa kwa presha, hewa pekee ndiyo imetoka, na ile bakteria ya botulizimu inapenda mahali hakuna hewa na chakula kinaweza kukosa harufu yoyote na bado kikuue. Maharagwe ya kupikwa, mboga, kitunguu saumu kwa mafuta, hata ukifunga bado ni ya frijini na ile ya kula haraka.

Vibati vya spea usinunue vya bei ya kutupa. Raba yake ni nyembamba kama uzi, kati ya kumi na mbili sita vilikataa kushika. Na usifungue na opena ya soda, inakunja ukingo. Mimi natumia ncha ya kijiko, pole pole, mpaka nisikie fsss.

Nyota nne.