Tahadhari: anayedai atakufutia kufilisika na kukupa "namba mpya" ya krediti

Ndugu zangu mlioko Marekani, hasa mliopitia mahakama ya kufilisika, someni hili kabla hamjatuma hata dola moja.

Kuna jamaa anawapigia watu simu. Anaongea Kiswahili cha nyumbani kabisa, anakuita "dada yangu", na namba ya kesi yako anayo. Hiyo namba ndiyo iliyonimaliza. Niliona mtu anayejua kesi yangu ilifunguliwa lini, na kwamba ni ya Sura ya 7 (ile ya kufutiwa madeni), lazima katoka kwa wakili wangu. Kumbe majalada ya kufilisika yako wazi, yeyote anaweza kuyasoma, na majina wanayachukulia humo humo.

Alitaka dola 1,200, nusu kwanza, akaahidi kwamba ndani ya siku 30 kufilisika kutakuwa kumefutika kwenye rekodi yangu ya krediti, ile inayoonyesha madeni yangu na jinsi ninavyolipa. Nikamtumia 600 pamoja na picha ya kadi yangu ya Social Security. Hiyo picha bado inaninyima usingizi.

Wiki ya nne akanitumia ripoti, na kweli kesi haikuwemo. Nililia kwa furaha. Mwezi uliofuata ikarudi pale pale. Alichofanya ni kupinga kila kitu kwenye rekodi yangu, cha kweli na kisicho cha kweli. Ukipinga, kampuni zinazotunza rekodi za krediti huwa na kama siku 30 za kuchunguza; kitu kinaweza kutoka kwa muda, kikithibitishwa kinarudishwa. Kesi ya kweli ya Sura ya 7 inaweza kukaa hadi miaka 10 tangu siku ya kuifungua. Ya Sura ya 13, ile ya kulipa madeni kidogo kidogo kwa mpango wa mahakama, kwa kawaida hutoka baada ya 7.

Nilipomlalamikia akaleta la pili, na hili ndilo lililonifanya niandike. Akasema ataniuzia CPN, namba ya tarakimu tisa ya kujaza mahali pa Social Security ninapoomba mkopo, nitumie na anwani nyingine na simu nyingine. Eti ni halali, matajiri wote wanayo. Si halali hata kidogo. Namba hizo mara nyingi ni za watoto wadogo, wazee, wafungwa au marehemu, zimeibwa. Kudanganya kwenye ombi la mkopo wa benki ni kosa la jinai la shirikisho, na kifungo chake kinaweza kufika miaka 30. Kwa sisi wenye makaratasi ya uhamiaji yanayosubiri, hukumu ya ulaghai inaweza kuzika ombi la uraia. Aliyekuuzia hatakuwepo, jina kwenye fomu ni lako.

Jueni pia kwamba tangu 1996 kuna sheria ya shirikisho inayokataza kampuni za kurekebisha krediti kudai malipo kabla kazi haijakamilika. Lazima wakupe mkataba wa maandishi, nawe una siku 3 za kazi za kuuvunja bila kulipa kitu. Mimi sikupewa hata karatasi moja.

Alichotaka kuniuzia nimekifanya mwenyewe bure. Nilichukua ripoti za kampuni tatu za rekodi za krediti, Equifax, Experian na TransUnion, kwenye AnnualCreditReport.com, unaweza kuzitazama kila wiki. Nikakuta madeni mawili yaliyofutwa na mahakama bado yanaonyesha kwamba nadaiwa, wakati salio lilipaswa kuwa sifuri. Hayo nikayapinga, nikaambatanisha hati ya mahakama, yakasahihishwa. Kisha nikachukua kadi ya krediti ya kuwekea amana, dola 200. Naitumia kwa mafuta ya gari tu, na kila mwezi nalipa yote. Inakwenda polepole, lakini inakwenda.

Kama umeshampa namba yako ya Social Security, leo hii zuia rekodi yako ya krediti ("credit freeze") kwenye kampuni zote tatu, haina malipo, kisha ingia IdentityTheft.gov, tovuti ya serikali ya walioibiwa utambulisho. Yeye mripoti kwenye ReportFraud.ftc.gov. Mimi nimeshafanya yote, na 600 zangu sijaziona.

Bado anapiga, safari hii kwa namba nyingine, na wiki iliyopita alimpigia mama mmoja wa kanisani kwetu ambaye kesi yake haina hata miezi miwili. Akianza kukusomea namba ya kesi yako, kata simu.