Wakala wa Benki Mwaloni na Visiwani: Huduma Nzuri Inayokwama Kwenye Floti

Kwa mchuuzi wa dagaa pale Mwaloni Kirumba, soko la samaki jijini Mwanza, wakala wa benki ni mkombozi: anaweka mauzo yake palepale bila kupanda daladala kwenda mjini kukaa foleni. Kufungua akaunti ni namba ya NIDA, alama ya kidole na laini ya simu, basi. Hapo benki zimefanya kazi nzuri.

Shida ni floti, yaani salio la wakala kwenye akaunti yake ya uwakala. Mteja akiweka fedha, floti ya wakala inapungua na noti zinajaa kwenye droo. Akitoa, ni kinyume chake. Sokoni wanaoweka wakizidi, floti inakauka. Kwenye kambi za wavuvi visiwani Ukerewe, ndani ya Ziwa Victoria, wateja wanatoa zaidi, noti zinaisha, na wakala inabidi afunge safari hadi Nansio au avuke ziwa na begi la fedha, jambo la hatari kabisa. Tena dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikikolea, nyavu huanikwa na kibanda cha wakala kinadoda. Benki inayompa wakala kikomo kilekile cha floti mwezi mzima haijalielewa ziwa. Impe mkopo wa floti wa kipindi cha giza, urudishwe mbalamwezi.

Mtandao nao husumbua. Mashine ikikwama kabla ya risiti kutoka, usirudie muamala; angalia salio kwanza kwa simu, maana unaweza kukatwa mara mbili. Namba ya siri bonyeza mwenyewe, hata kama wakala ni shemeji yako.