Binti wa mazingaombwe kwa sikukuu za watoto, Lubumbashi

Anayeigiza anavaa utu wa binti wa miaka 15 mwenye nguvu za ajabu, na utundu ndio unaobeba onyesho: anaficha kofia ya mjomba, anamsingizia paka, halafu kicheko kinamfichua. Maji mekundu ya bisapu (kinywaji cha maua ya rosela) anayageuza kijani-buluu kwa bikarbonati kidogo. Ndimu inarudisha wekundu. Akizidisha bikarbonati, ndimu moja haitoshi na povu linamwagika, kwa hiyo tandikeni nailoni mezani. Kasoro? Anaomba msamaha haraka mno, mzaha unapoa. Mwambieni mapema asimwite mtoto yeyote ndoki (mchawi), hata kwa utani: sheria ya Kongo ya 2009 ya ulinzi wa mtoto inaadhibu shutuma hiyo. Spika haina betri. Umeme ukikatika, atapaza sauti tu.